Kitu Kingine cha Kupenda

Mwalimu alituambia habari ya macho yake siku tuliyokuwa tukiziba pancha kando ya barabara ya Matinyani. Tairi lilikuwa langu na nilikuwa na hasira, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wamenionya juu ya ule mwiba na bado nikaupitia. Yeye alikuwa ameshika pampu. Alisema, bila kupandisha wala kushusha sauti, kwamba ametoka kwa daktari, kwamba ni presha ya macho, kwamba imeshakula pande zote mbili na sasa inakuja katikati, na kwamba kilichokwenda hakirudi.

"Ndiyo maana niligonga ile mbuzi," akasema. "Sikuiona. Na nyinyi mkasema nimelewa chai."

Ni kweli tulisema hivyo, na tulikuwa tumecheka njia nzima hadi Kitui mjini. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilikibandika kile kiraka kombo, ikabidi nikibandue nianze upya.

Tulikuwa wanne. Miaka hiyo ya sabini mtu mzima akipanda baiskeli bila mzigo na bila safari, watu walimtazama mara mbili. Baiskeli ilikuwa ya kubebea maji, makaa, au mgonjwa. Sisi tulizipanda kwa kuzipenda tu. Mimi nilikuwa fundi wa kushona, cherehani yangu ikikaa kwenye veranda mjini. Wa pili alikuwa mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akaja na biashara asirudi tena. Wa tatu tulimwita Mzee wa Kanisa ingawa alikuwa hajafika arobaini. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu za punda, na hakuwa anasema uongo hata wa mzaha. Ukimuuliza kama shati ulilomshonea limempendeza, anakuambia ukweli mbele ya wateja wako. Wa nne ndiye Mwalimu. Alikuwa mtu wa Kilungu aliyeletwa kufundisha kwetu, kapera, mpole, wa maneno machache. Tulikuwa tukitoka Jumamosi, kwa sababu Ijumaa mwenye duka alikuwa msikitini na Jumapili sisi wengine tulikuwa kanisani.

Kule Matinyani kulikuwa na hoteli ya mama mmoja, mabati na benchi mbili, na hapo ndipo tulipokuwa tukipumzika na chai na mandazi. Mazungumzo hayakuwa ya baiskeli. Ukishaendesha mlima ule hutaki kusikia habari ya cheni wala breki. Kila mtu alileta kitu chake kingine. Mwenye duka alikuwa akifuga njiwa juu ya ghala lake na angeweza kukueleza habari za ndoa zao mpaka chai ikapoa. Mzee wa Kanisa alikuwa na kwaya. Mimi nilikuwa na drafti, ile ya vifuniko vya soda, na sioni haya kusema kwamba mjini pale hapakuwa na wengi wa kunifunga. Tukimuuliza Mwalimu, alikuwa akipiga kiti cha baiskeli yake kwa kiganja na kusema, "Mimi ni hii tu."

Tulimtania sana kwa hilo. Mwenye duka alimwambia amekuwa mtu wa suruali moja, ikichanika analala ndani. Mwalimu alikuwa akitabasamu na kugeuza uso kwenda barabarani.

Sasa daktari alikuwa amemkataza ile suruali moja. Jumamosi iliyofuata alikuja Matinyani kwa miguu, asubuhi na mapema, akatusubiri kwenye benchi. Tulipomwona amekaa pale na mkono juu ya meza, vumbi hadi magotini, Mzee wa Kanisa aliteremka akasema palepale, kabla hata ya salamu, "Huyu tumtafutie kitu kingine ya kupenda. Mapema, kabla macho hayajafunga kabisa." Tukakubali. Yale maongezi yaliyokuwa ya kusindikizia chai yakageuka kuwa kazi, na kila mtu akaamini kwamba kitu chake ndicho kitakachomfaa.

Kwaya ilianza, na kwaya ndiyo iliyoisha haraka. Mwalimu hakuwa na sauti. Sisemi alikuwa na sauti mbaya, hakuwa nayo. Walimweka kwenye besi, wazee wa besi wakapotea wote pamoja naye. Mzee wa Kanisa, kwa ule ukweli wake, alimwambia baada ya mazoezi, "Ndugu yangu, Mungu anakupenda, lakini si kwa hii."

Njiwa walituchukua muda zaidi. Mwenye duka alimfundisha kuwatambua kwa kuwashika. "Hebu shika vizuri, usimbane. Huyu ndiye jike, sikiliza moyo wake." Mwalimu alimshika njiwa yule kifuani na uso wake ukalegea, nami nikadhani tumeshinda. Kisha mwenye duka akawafungulia wote. Waliruka kwa mpigo mmoja, wakazunguka juu ya mabati ya mji, wakageuka wote pamoja, na sisi watatu tukasimama vichwa juu, midomo wazi, mwenye duka akionyesha kwa kidole: tazama yule mweupe, tazama anavyowaongoza! Nilipogeuka nilimwona Mwalimu akitazama huku na huku, akiwatafuta kwa kile kitundu kidogo alichokuwa amebakiwa nacho, kama mtu anayetafuta sindano. Alipata njiwa mmoja, akampoteza. Halafu akaacha kutafuta, akabaki ameinamisha kichwa, mikono mitupu. Mwenye duka alimwona pia. Akawaita njiwa wake washuke, na siku hiyo hakutuambia habari zao tena.

Nikasema, sasa ni zamu yangu. Nilikuwa na hakika. Drafti haihitaji macho: vifuniko vyangu vimeangalia juu, vyako vimefunikwa, kidole kinajua tofauti mara moja. Nilichonga mistari kwenye ubao kwa patasi ili aihisi. Jioni, nikishafunga cherehani, alikuwa akija pale veranda tukicheza, na alikuwa mwepesi wa kujifunza, mwenye kumbukumbu. Lakini alikuwa akifungwa. Kila jioni alifungwa, akasema asante, akaondoka akipapasa ukuta. Mimi nikaona huruma, na huruma si kazi yangu, sikuizoea. Siku moja nikamfungulia njia.

Alikula vifuniko vyangu viwili. Vidole vyake vikarudi nyuma ubaoni, vikapita kila mahali polepole.

"Umeniachia," akasema.

"Nani? Umecheza vizuri."

"Fundi, hata mtoto wa chekechea hawezi kucheza hapa. Umeniachia."

Akaupiga ule ubao kwa nyuma ya mkono. Vifuniko vikaruka, vikaenda vikilia sakafuni mpaka barabarani. Nikawaka. Nilimwambia hana shukrani, kwamba watu wazima wameacha shughuli zao wanamhangaikia, na yeye kila kitu hapana, hapana. Nikamwuliza kwa kelele, watu wa upande wa pili wakisikia: anataka nini? Aseme!

"Mnanitafutia kitu ya kufanya," akasema. "Mimi sina shida ya kitu ya kufanya."

"Shida yako ni baiskeli. Hiyo tumejua."

"Aiee. Si baiskeli." Akafuta viganja kwenye suruali. "Nikikuambia, usicheke. Mimi hupenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Vitu. Nyinyi mkiongea njiwa na kwaya, mimi nilikuwa naangalia. Vile mchanga wa mto unabadilika rangi asubuhi. Vile nyumba fulani wamepaka rangi dirisha moja tu halafu rangi ikaisha. Sasa mtu mzima atasema aje hobi yake ni kuangalia? Mngenicheka mpaka leo. Baiskeli nilipenda sababu ya mwendo. Gari inapita haraka, hujaona kitu. Na miguu unachoka kabla hujafika penye kuona. Baiskeli iko sawa."

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya siku ya pancha, "Hiyo ndiyo inaisha. Si baiskeli."

Niliteremka barabarani kuokota vifuniko vyangu, na nililia nikiviokota, sikujificha. Tulikuwa tumempelekea vitu vyetu vyote, na hakuna hata kimoja kilichogusa pale palipokuwa panauma. Na mtu huyu nilikuwa nimekunywa naye chai miaka.

Niliwaambia wenzangu. Hakuna aliyecheka. Jumamosi iliyofuata Mzee wa Kanisa alifunga gunia lililokunjwa juu ya keria ya baiskeli yake, akampakia Mwalimu, tukaondoka. Watoto wa shule walimwona mwalimu wao amebebwa nyuma kama mama anayepelekwa kujifungua, wakapiga kelele, naye akawapungia mkono. Tulikuwa tumepatana: yeye abebwe, sisi tumwambie kilichoko.

Hapo ndipo nilipojua mimi ni mtu wa aina gani.

"Fundi, kuna nini upande wako?"

"Miti."

"Miti gani?"

Sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitazama gurudumu la mbele na mgongo wa mwenzangu. Nikasema miti ya kawaida. Mwalimu alicheka sana, kicheko cha kwanza tangu habari ile, akasema basi, hapo ni mgunga mkubwa na chini yake kuna mzinga ulioanguka, nitazame vizuri. Nikatazama. Mzinga ulikuwa pale. Ulikuwa pale siku zote.

Tulijifunza kidogo kidogo. Mwenye duka alikuwa mzuri kwa rangi, kwa sababu ya vitambaa vya dukani. Mzee wa Kanisa alikuwa akitoa kila kitu kama hesabu ya sadaka, lakini hakuongeza wala hakupunguza, na Mwalimu alimwamini kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa mbaya, nikakasirika kwa kuwa mbaya, na nikaanza kukesha Ijumaa nikiwaza nitamwambia nini kesho. Ila kitundu kile kilizidi kufunga. Siku moja aliniuliza kama jua limetoka, na lilikuwa limeshachomoza mbele ya macho yake. Haukupita muda mrefu akaiacha kazi, shemeji yake akaja kumchukua, akarudi Kilungu kwa mama yake.

Tulimfuata mwaka uliofuata, mwezi wa pili, kabla ya mvua. Tulipandisha baiskeli zetu juu ya basi, tukateremka kwenye njiapanda ya barabara ya Mombasa, tukasukuma kupanda vilima mpaka mashati yakalowa. Mama yake alitupokea vizuri sana. Mwenye duka akamwita mwaitu, mama yetu, kwa Kikamba safi, mama akashika mkono wake akakataa kuuachia. Mwalimu alikuwa amekonda. Alikaa mlangoni, na mama alituambia kwa sauti ya chini kwamba huko mlangoni ndiko anakoshinda, hasemi kitu, na chakula anakila kwa sababu ameambiwa ale.

Lakini tulipozipiga kengele zetu alisimama. Akasema tumpeleke juu, penye kona, ambapo mtu huona uwanda wote wa chini. Alikuwa akienda huko tangu utotoni. Kulikuwa na mkuyu, akasema, hakuna mkuyu mwingine kama ule, kivuli chake kinatosha darasa zima.

Alipanda kwenye keria ya Mzee wa Kanisa, nasi nyuma. Njia ilipita kwenye mashamba ya machungwa na miparachichi, na tulimwambia yote, moja baada ya nyingine, naye akitusahihisha. Tulipokata kona nikaona. Mkuyu ulikuwa umekatwa. Si zamani, kwa maana kisiki kilikuwa bado cheupe na vipande vya gome vimetapakaa. Jua la saa sita lilikuwa limelala juu ya ile kona bila kizuizi.

"Tumefika?" Mwalimu akauliza. "Mkuyu wangu upo?"

Mwenye duka aliinama akajifanya anaangalia cheni yake. Mzee wa Kanisa, mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mtoto, alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka.

"Upo," akasema. "Umejaa kabisa."

Tukamshusha, tukamkalisha kwenye nyasi, mbali na kisiki. Alivua kofia yake, akaiweka gotini. Akainua uso, na jua likampiga usoni kote, kwenye kope, kwenye midomo. Nilimtazama. Nilikuwa nimejifunza kutazama. Niliona paji la uso lake likikunjana, kisha likikunjuka.

"Ni kweli," akasema. "Haijabadilika. Sasa mniambie chini."

Mwenye duka alianza na rangi ya uwanda, akakwama, sauti ilimgeuka. Kwa hiyo nikasema mimi. Nilimwambia malori kwenye barabara ya Mombasa, moja linapanda na jingine limesimama na watu watatu wamelizunguka. Nilimwambia moshi wa shamba linalochomwa, na kwamba unakwenda wima kwa sababu hakuna upepo. Nilimwambia mwanamke mwenye punda wawili, na punda wa nyuma amegoma. Niliendelea mpaka mdomo ukanikauka, na kila nikisimama alisema, "Ehe." Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kola yake. Hakulipangusa.

Nilipomaliza alinyoosha mkono akapapasa pande zote, akawakuta wenzangu wawili tu karibu yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando, kwenye barabara. Akasogea, akapiga nyasi kwa kiganja kuniachia nafasi.

"Fundi, mbona umesimama huko nje? Njoo huku kwa kivuli. Utachomwa na jua bure."

Nikaenda nikakaa.