Mzungu wa parokia alivyotozwa faini ya kuku akadhani anaombwa hongo

Wakuu, salamu kutoka Mbooni. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, si ya kusimuliwa, na kuku watakaotajwa nimewala, kwa hivyo ushahidi haupo tena.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: mtu akikuajiri umtafsirie, una ruhusa ya kumwambia ameelewa vibaya? Ama wewe unapeleka maneno tu, makosa abaki nayo?

Nina digrii ya community development. Nilitarmac nikitafuta kazi hadi soli zikaisha, ndipo parokia ya huku milimani ikanichukua niwe mkalimani wa Matteo, volunteer Mkatoliki kutoka Italia. Ni mtaalamu wa maji, amejitolea miaka miwili.

Mtu mzuri sana. Anakula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, bila kulalamika, na Jumapili anaimba kwaya kwa sauti mbaya na moyo wote.

Kazi ilikuwa sand dam, yaani ukuta wa mawe na simiti unaokatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kutunza maji. Sponsor analeta simiti. Wanakijiji wanaleta mawe na mikono yao, kwa mwethya.

Kwa wasio Wakamba: mwethya ni kikundi cha kazi ya pamoja, na hakina mchezo. Ukichelewa, au ukisimama tu wenzako wakibeba, unatozwa faini. Kwetu ni kuku. Anafugwa mpaka siku ya kumaliza kazi, halafu analiwa na wote, hata aliyemtoa.

Sasa Matteo alikuwa anasimama ukingoni na kamera yake. Chairlady wetu, Mama Mumo, mfupi lakini sauti kama kengele, akamvumilia siku kadhaa. Mwishowe akatua jiwe.

"Kyalo, mwambie huyu rafiki yako alete kuku."

Nikatafsiri. Matteo akawa mwekundu kama nyanya. "Kuku wa nini?"

"Hajabeba hata jiwe moja! Kwani picha zinazuia maji?"

Kina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Matteo hakucheka.

Kumbe kabla ya kutumwa huku, hawa volunteers hufundishwa habari ya hongo mpaka iwaingie kwenye damu. Ukiombwa kitu chochote, unaripoti makao makuu, na mradi unasimamishwa ili uchunguzwe. Jioni akaniambia, kwa huzuni kabisa, kwamba Jumatatu anaripoti.

"Kyalo, huanza na kuku."

Nikamweleza kwamba hiyo ni desturi. Akasema ndivyo walivyoonywa: kila hongo huitwa desturi.

Hapo nikaanza kupiga hesabu. Mvua zilikuwa karibu. Mradi ukisimama na ukuta uko nusu, mafuriko yanaubeba wote, na kina mama wanarudi kusaka maji mbali, wakiswaga punda.

Nikimsukuma Matteo, ataona na mimi niko kwenye mgao wa kuku. Nikiwaambia kina mama, watamfukuza. Nikimwendea Father wa parokia, mimi ni Mprotestanti, baba yangu ni mzee wa kanisa kule Matiliku. Watasema nimetumwa na kanisa letu kuvuruga mradi wao. Nilifikiria hata kuugua, shida ikawa ni kuchagua ugonjwa.

Jumamosi Father akaja kubariki kazi. Akabariki vizuri. Akapewa kiti cha plastiki kivulini, akaletewa chai.

Chai ikaisha. Father akaendelea kukaa.

Nikamwangalia Father. Nikamwangalia Matteo. Wakuu, wazo likanijia, na kwa mara ya kwanza maishani sikulipima.

Nikamsogelea Mama Mumo. Huku mama unamwita mwaitu. "Mwaitu, kwani faini inaogopa kola nyeupe?"

Akanikazia macho. "Wewe si ni wa lile kanisa lingine? Unataka nigombane na Mungu?"

"Mungu hajakaa kwa kiti, mwaitu."

Akakung'uta mikono, akapanda ukingo. "Father! Baraka tumepokea. Na mawe je?"

Nikaanza kumwona baba yangu akiitwa kikao cha wazee kwa ajili yangu.

Halafu Father, ambaye kumbe ni mtoto wa Kitui aliyekulia kwenye mwethya, akashika kichwa akicheka. "Nimenaswa! Lakini kuku wangu ni wa kienyeji, msimchanganye na wale wa broiler." Akavua kola, akakunja suruali, akashuka mtoni.

Nilipomtafsiria, Matteo akanivuta shati. "Hata Father anatoa?"

"Hata Father."

"Na hao kuku wanaliwa na nani?"

"Na wewe."

Akafunga kamera kwenye begi, akashuka na kukumbatia jiwe kubwa kuliko akili yake. Likamshinda, akashangiliwa kama mgombea wa kiti.

Jumatatu hakuripoti. Alikuja na jogoo kifuani, amembeba kama mtoto wa ubatizo. Ukuta tuliumaliza kabla ya mvua.

Nililojifunza ni kwamba mgeni unaweza kumweleza sheria yenu mpaka ukauke koo. Ataiamini siku atakapoiona imemshika mkubwa wake.

Mliofanya kazi na wageni, hebu mwageni yenu hapa chini. Na mnaojiandaa kuniuliza kama mimi nilitozwa, jibu ni ndiyo. Mama Mumo alinigeukia Jumamosi hiyo hiyo, Father na Matteo wakiwa tayari mtoni: "Na wewe mkalimani, mdomo unabeba mawe?"

Sikujitetea. Nilivua viatu vya ofisi, nikashuka.