Barua ya Pensheni Kutoka Uingereza

Juzi, kwenye dirisha la ofisi moja hapa kisiwani, mbele yangu alisimama mzee wa mtaa wa Bondeni aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi kustaafu. Pensheni yake ilikuwa imekatika ghafla. Mkewe alimsindikiza, ameshika barua iliyotoka huko.

Karani akawasomea: "Malipo yamesimamishwa kwa sababu mkeo ametuarifu kuwa umefariki."

"Mimi?" Mkewe akajishika kifua. "Wallahi, mimi nimeandika lini?"

"Si wewe, mama. Ni mkewe wa huko."

Mzee akainama. Foleni nzima tukaduwaa. Mimi hata nilichokwendea nilikisahau.

Mama akakaza buibui lake. "Waandikie kuwa yu hai," akamwambia karani. "Lakini waandikie sasa hivi, kabla hatujafika nyumbani."