Jina la Kitaliano la Mpapura

Steshenari ninayofanyia kazi iko Ufukoni, Mtwara. Natoa kopi, napiga picha za paspoti, najazia watu fomu. Kwa kazi hiyo majina nimeyaona ya kila aina, na hakuna lililonishangaza. Ila langu linawashangaza wateja. Mtu anasoma kitambulisho nilichoning'iniza shingoni, la kwanza linapita, la pili linapita, akifika la mwisho anasita. Ananitazama uso, anatazama nywele, anarudi kwenye kitambulisho.

"Hili la wapi?"

"La Italia."

"Na wewe wa wapi?"

"Wa Mpapura."

Sitaliandika hapa. Tunaolibeba ni wachache mno duniani, na nikilitaja nitakuwa nimewaita wote kwa mpigo, pamoja na wasiopenda kuitwa.

Nilipokuwa shule ya msingi niliwaambia wenzangu kwamba babu yangu aliokota jina hilo baharini ndani ya chupa. Darasa la saba nikasema tulipewa na malkia. Mimi nimeumbwa hivyo, nikikosa habari naota moja. Na habari ya jina letu nilikuwa nimeikosa, kwa sababu nyumbani haikuzungumzwa. Nyuma ya migongo yetu ndiyo ilizungumzwa, na ilizungumzwa hivi: kwamba baba yangu, mwenye rangi ya maji ya kunde, ni mtoto wa Mzungu, na jina ndilo ushahidi. Aliyekuwa anasemwa hapo si baba. Ni bibi, mama yake.

Bibi aliyabeba maneno hayo miaka yote bila kujibu. Kwenye harusi za watu alikuwa anakaa jikoni, anapakua, hatokezi ukumbini. Nilidhani anapenda kupika.

Mwaka jana dada yangu akaposwa. Kijana ni wa Ufukoni, fundi umeme, mpole, hana neno. Wazee wake walikuja Mpapura na mshenga wao, wakakaa barazani kwetu, wakanywa uji, mambo yakaenda vizuri mpaka shangazi yake bwana harusi alipoomba nafasi ya kusema. Mama huyo ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya shamba.

"Sisi kwa binti hatuna tatizo," alisema. "Tumempenda, ana heshima. Ila tuulize tu, maana kesho watoto watatuuliza sisi. Jina hili liliingia nyumbani humu kwa mlangoni au kwa dirishani?"

Wageni wawili watatu walicheka. Baba aliinamisha kichwa, akawa anaitazama mikono yake iliyobabuka kwa utomvu wa korosho. Angesema, nani angemwamini? Kuku hawezi kuwa shahidi wa yai alilotoka.

Mimi nilikuwa jikoni na bibi. Alikuwa anapepeta choroko. Ungo ulisimama hewani, kisha akauweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Wageni walipoondoka alituita. "Harusi naitakia heri," alisema. "Mimi siji. Nisije nikakaa mbele za watu waniangalie dirisha langu."

Dada akaanza kulia. "Bibi, bila wewe mimi siolewi."

"Utaolewa."

"Siolewi!"

Mahari yangeletwa baada ya siku kumi na nane. Kwa hiyo zilikuwa siku kumi na nane za kumtoa bibi jikoni, au dada avunje posa. Ndiyo hesabu niliyolala nayo.

Asubuhi bibi aliniita uani. Mimi ananiita mke mwenza, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. "Nke mwenza, njoo ukae. Wewe unashika komputa za watu. Nikueleze, ukiweza uandike, ukishindwa nife nalo."

Na akaeleza. Marehemu babu alikuwa kibarua kwenye kambi ya wachimbaji kule Msimbati, enzi watu wanatafuta mafuta wakakuta gesi. Fundi wa mashine alikuwa Mtaliano, mtu wa kucheka sana. Alipougua homa, babu ndiye aliyemlaza nyumbani kwetu siku nne, bibi akimpikia uji wa muhogo. Urafiki ukaanzia kwenye uji huo. Wakati huo baba alikuwa na miaka tisa na yuko jandoni.

Kwetu mwari akitoka jando anaacha jina la utotoni. Mtu mzima mwenye heshima zake anampa jina lake mwenyewe na zawadi juu, ngoma inapigwa, jina linatangazwa. Babu akamwomba rafiki yake ampe mtoto jina. Kila mwanamume wa hapa anajua linalotolewa ni jina lako mwenyewe, lile wenzako wanalokuita. Mtaliano hakujua. Alifikiri ameombwa kitu kikubwa, basi akatoa kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, jina la ukoo wake. Na jina likishatangazwa mbele ya ngoma halirudishwi. Watu wakamwita mtoto hivyo, babu akawa Baba Fulani, bibi Mama Fulani, na wadogo wote wa baba wakaandikishwa shule kwa jina hilo hilo.

"Na zawadi?" niliuliza.

Bibi alionyesha kidole kwenye banda la kuku. Kofia ya plastiki ya kazini, ya njano zamani, sasa imepauka na ina ufa, ndiyo iliyokuwa inanyweshea kuku tangu sijazaliwa.

"Babu yako naye akamwambia, mkeo huko kwenu ana mimba. Akizaa mwanamume, mpe langu. Wakapeana mikono. Kambi ikafungwa, nzungu akaenda. Sisi tukahamia huku Mpapura, na huku wametukuta na jina tayari. Waliokuwepo ngomani wamekwisha kufa." Akaniangalia. "Sijui kama alitimiza."

Nilirudi kazini nikiwa na moto. Bosi wangu ni mama wa Kinyakyusa, mume wake yuko bandarini, na Kiingereza anakijua kuliko mimi niliyeishia kidato cha nne. Mchana wateja walipopungua nikaandika jina letu kwenye komputa. Kumbe kuna kurasa zinazoonyesha jina la ukoo limetapakaa wapi. Ramani inakuja nyeupe, penye watu panapakwa rangi. Nikabonyeza. Italia ikatokea, ndefu, nyeupe kama karatasi ya kopi. Nikadhani imekwama. Bosi akasogeza uso.

"Pale juu, karibu na milima. Kuna kadoa."

Kweli kulikuwa na kadoa kamoja, bonde moja tu. Nikaisogeza ramani mpaka Tanzania, nikashuka kusini. Nyeupe. Mtwara nyeupe. Mpapura haipo kabisa. Nikasikia hasira ya kuchekesha, nikachukua karatasi nikaanza kutuhesabu: baba, wadogo zake, sisi, watoto wa kaka. Tulifika kumi na tisa, wazima wote.

"Kumi na tisa hatuna hata doa!" nilimwambia bosi.

"Mwanangu wee, hiyo ramani haijala korosho zenu," alisema. "Waandikie."

Nikawaandikia, wenye jina hilo wote niliowapata mtandaoni, kwa Kitaliano cha kutafsiriwa na simu. Na hapo nikakosea kosa la kwetu. Niliandika kama ninavyomwandikia ndugu: Shikamooni ndugu zangu, mimi ni binti yenu wa Tanzania, nimebeba jina lenu, bibi yangu anataka haki yake kabla hajafa.

Jibu la kwanza lilikuja kesho yake kutoka kwa mwanamke mmoja. Tulilitafsiri mara mbili tukidhani simu imelewa. Lilisema: Nyumba ya marehemu baba iliuzwa. Shamba hakuna. Usituandikie tena.

Bosi alicheka mpaka akashika meza. "Wamedhani umekuja kurithi!"

Mimi sikucheka. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, maana niliona ni yule yule shangazi wa barazani, safari hii yuko Italia. Huko nako nilikuwa nimeingilia dirishani.

Siku zikaenda. Sita. Kumi. Dada akawa ananitumia ujumbe wa neno moja kila jioni: "Vipi?" Nami najibu, "Bado, usiogope," huku nikiogopa. Nikaandika upya, mara hii polepole, bosi akikagua. Nikasema sitaki kitu. Nikaeleza kambi, homa, uji wa muhogo, kofia ya njano. Mwisho nikaandika jina la babu, lile la Kimakonde, nikauliza: yupo kwenu mtu anayeitwa hivi?

Siku ya kumi na tatu nilikuwa nakata picha za paspoti. Simu ikatikisika. Alikuwa mwanamume, dereva wa basi la shule kwenye bonde lile lile. Picha ya kwanza aliyotuma ilikuwa ya kitambulisho chake, amefunika namba kwa kidole gumba. Jina lake la kwanza, la Kitaliano. La pili, la babu yangu. La tatu, letu.

Nilipiga kelele. Mteja akaruka, bosi akaja mbio akidhani shoti ya umeme.

"Yupo!" nilisema. "Babu yupo Italia!"

Aliandika kwamba maisha yake yote watu walimuuliza, hili jina la katikati la wapi? Naye akajibu tu, la rafiki wa baba. Baba yake alikufa akiwa anaomba watu wa Msimbati watafutwe, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Kisha akatuma picha, ya zamani, imekunjika pembeni. Mtaliano kijana amecheka. Babu, mwembamba, hajaota mvi. Bibi na khanga mabegani, mzuri jamani, mzuri hasa. Katikati mtoto wa miaka tisa, magoti ya vumbi, kichwani kofia ya njano yenye alama ya rangi ubavuni, imemfunika mpaka nyusi. Baba yangu.

Nikamuuliza na jambo lililonikera toka zamani: jina lenyewe maana yake nini? Alisema kwenye vitabu vya kanisa lao, wa kwanza kuandikwa hivyo alikuwa mtu aliyevuka mto akahamia bondeni. Hawakujua ukoo wake, wakamwita mtu wa ng'ambo. Sasa hivi, alisema, ukoo mzima unatosha kwenye meza moja ya Krismasi, na viti vinabaki.

Mtu wa ng'ambo ya mto! Niliposoma hapo nilimkumbuka babu wa babu yangu, aliyevuka mto Ruvuma na mkeka wake kichwani.

Siku ya mahari nilitangulia Mpapura na picha nimeikuza, bosi amenitolea kwa rangi na hakutaka niilipie. Wageni walikaa pale pale. Shangazi yupo, khanga mpya. Bibi jikoni, mgongo ameupa mlango.

Kabla mshenga hajafungua mdomo nikapiga magoti mbele yao. "Shikamooni. Shangazi, uliuliza swali. Nimeleta jibu."

Nikampa picha. Akaishika mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu mtoto nani?"

"Mimi," alisema baba, na nilishangaa sauti yake ilivyotoka nzima. "Siku niliyopewa jina. Nilikuwa nimeshang'oa meno ya utoto, na huyo Mzungu alikuwa hajamaliza mwaka nchi hii."

Dada alikuwa ameshakwenda bandani. Akaja na ile kofia inatiririka maji, kuku wanamfuata wakilalamika, akaiweka mbele ya shangazi. Ufa haukuwepo kwenye picha, lakini alama ya rangi ubavuni ilikuwa ile ile ya kwenye picha. Watu wakasimama kuangalia. Nami nikapiga simu, kama tulivyopanga na dereva. Uso ukajaa kioo: mtu mnene, kipara kinang'aa, amevaa sare ya udereva na anatoa machozi tayari.

"Huyu ni nani?" aliuliza shangazi.

Nikataja jina la babu.

Kule jikoni kitu kilianguka. Bibi akatokea mlangoni. Hajatokea mbele za wageni tangu nipate akili zangu. Mikono ina unga. Na kwetu, anayebeba jina la mumeo ni mumeo, hata awe mtoto wa kunyonya. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Mume wangu," alisema. "Umechelewa."

Baraza zima likalipuka. Vigelegele vikaanza kwa mama, vikadakwa na majirani wasiojua sababu. Bibi hakuyumba. "Na nywele umepeleka wapi? Nilikuacha nazo!"

Nilimtafsiria dereva kadiri nilivyoweza. Alicheka kwa kicheko kile kile cha kwenye picha, akajipiga kipara, akasema neno ambalo baadaye simu ilinitafsiria kuwa ni samahani.

Shangazi aliinuka. Akajivua khanga yake mpya, akamwendea bibi, akamfunika mabegani mbele ya wote. "Mama, nisamehe. Niliona dirisha kwa sababu mlango sikuuona."

"Kwenu mlitokea wapi?" bibi alimuuliza.

"Kwetu asili ni ng'ambo. Msumbiji."

"Basi na wewe mvuka mto. Kaa ule."

Bibi alikuja kwenye harusi. Alikaa mstari wa mbele kabisa, na khanga ile ile, amepakata simu yangu, kwa sababu mumewe naye alikuwa anaangalia. Nilipokuwa nagawa biriani nikamwinamia nikamwambia nilichokuwa nimekiona mtandaoni asubuhi. Nilikuwa nimetafuta jina la babu huko Italia.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Mmoja tu, bibi. Nchi nzima."

Akatazama kioo cha simu, ambako dereva alikuwa anapiga makofi nje ya mdundo.

"Nke mwenza," alisema, "mwambie huyo mmoja asiwe anaendesha basi kwa kasi."