Foku Laini na Mama Mkwe wa Isongole

Jamani, habari hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mkiisikia kwa Tusekile atawaongezea chumvi, na chumvi iliyomo inatosha: mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nimewahi kulala kifudifudi miguuni pa mama mkwe wangu, kaptula imepasuka nyuma, kwaya nzima ya akina mama inatazama.

Chanzo chake ni foku ya baiskeli, ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu na kumeza mishtuko. Mimi na wenzangu wachache wa Tunduma tuna ugonjwa wa kuteremka milima kwa baiskeli, tunazipakia kwenye gari la mizigo mpaka vilima vya Ileje, tunapanda kwa kusukuma na kushuka kwa kupiga kelele. Foku yangu ya zamani ilikuwa inavuja mafuta, ikabidi nikatafute nyingine kwenye vibanda vya mitumba karibu na mpaka, nikaenda na Tusekile (wakati huo mchumba, posa imeshapokelewa kwao Isongole, tunasubiri jibu la wazee, na mimi usingizi siupati).

Muuzaji, Mzambia mmoja mchangamfu, akatuwekea mbili mezani. Moja nyeusi, imechubuka, shokapu zake ngumu, ukiibonyeza inashuka kidogo kisha inakurudisha. Ya pili nyekundu, ndefu, miguu minene, inang'aa, na ukiibonyeza kwa kiganja tu inazama kama godoro jipya. Nikaipenda palepale. Nilijua fika (mimi ndiye nilikuwa nawafundisha wenzangu!) kwamba springi ya foku inachaguliwa kwa uzito wa mpandaji, unaikalia baiskeli na helmeti yako kichwani, inashuka kidogo, halafu nafasi kubwa inabaki kwa ajili ya mawe na mitaro. Lakini ile rangi nyekundu, jamani.

"Bwino sana iyi, bosi," muuzaji akanisifia.

Tusekile akaibonyeza, akaniangalia tumboni. "Osea, hii si ya mtu mwepesi? Na wewe unavyoujua ugali?"

"Laini ndiyo raha," nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu, nikalipa.

Sasa, kwao Tusekile wanashika mila. Posa ikishapokelewa, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, wewe kijana unatoka, unaingia hata kwenye miiba, unageuza uso mpaka mama apite, na wazee wanaliangalia hilo kuliko hata kazi unayofanya. Mama yule nilikuwa namjua kwa picha za kwenye simu ya Tusekile tu.

Jumapili iliyofuata tukaenda kuteremka kilima kilicho juu ya kijiji chao. Wenzangu wakachagua njia ya upande wa pili, mimi nikang'ang'ania ile inayopita karibu na kwao Tusekile, maana nani ajue, labda shemeji mmoja angeniona aende akaseme kijana yuko imara. Nikajipa moyo kwamba akina mama wote wako kanisani.

Huko juu foku ilikuwa tamu, mawe madogo siyasikii kabisa, najisifu mwenyewe njia nzima. Nikakata kona ya mwisho kwenye migomba, na hao hapo akina mama wa kwaya, ibada imeisha mapema, wamejipanga njiani na vitenge vyao vya sare, na wa mbele kabisa ana uso uleule wa kwenye simu.

Akili yote ikanitoka, ikabaki mila peke yake. Nikabana breki ya mbele ili nikate kuingia migombani, na ile foku laini ikazama yote, yaani yote, ikagota, gurudumu la nyuma likapaa, nami nikapita juu ya usukani nikatua mbele ya mama mkwe huku kaptula ikilia kraa.

Nikafumba macho, maana kama nimeharibu yote, basi angalau la kutomtazama nilishike. Nikasema, mdomo umejaa vumbi, "Shikamoo mama. Sijakuona."

Mmoja akaangua kicheko. Mwingine akapiga kelele, "Mama Tusekile, si ndiye yule mkwe? Geuka! Usimtazame!"

Halafu nikasikia kitambaa kinatua mgongoni, kitenge, bado kina joto la mtu. Mikono ikanifungua helmeti taratibu. "Mwe! Mwanangu, umeumia wapi?"

"Mama Tusekile, mila!"

"Mila imesema nisimtazame mkwe," akajibu, anapangusa damu kwenye kidevu changu. "Haikusema nimwache mtoto wa mwenzangu avuje damu njiani."

Nikalia. Wenzangu walipofika niliwaambia ni goti, lakini goti halikuwa na neno. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na ilikuwa miaka mingi hakuna mama aliyenishika kichwa namna ile. Nilimpenda yule mama kabla sijamtazama usoni.

Nikarudi Tunduma nimevaa kitenge kama mwali, nina uhakika posa imekufa. Tusekile akipiga simu anasema tu wazee wamekaa kikao, baba yake amekasirika, amesema kijana asiyeweza kumpisha mkwe njiani atampisha nani nyumbani. Siku zile hata chakula kilinishinda (Tusekile haamini mpaka leo). Foku nyekundu nikaibadilisha na ile nyeusi, nikaapa sitachagua tena kitu cha kunibeba kwa kukibonyeza na kiganja.

Mshenga alipokuja, nilimwomba aseme haraka.

"Mzee amesumbua," akasema. "Lakini mama amesimama mbele ya kikao, akasema huyo nimeshamfunika kwa kitenge changu, nimeshamwita mwanangu, sasa mnataka nimrudishe wapi? Kwa hiyo wamekubali. Sharti ni lake mama, moja tu."

"Lipi?"

"Siku ya kuja kuoa, uje kwa miguu."