Nguruwe wa Kumuaga Nonilon

Hapa kwetu Guimbal, Ufilipino, mtu haendi melini kimyakimya. Anachomewa nguruwe mzima, majirani wanakula mpaka wanalegea, ndipo anabeba sanduku lake. Kazi ya kuchoma ni yangu, na nasema bila kujisifu: ngozi ya nguruwe wangu ukiigonga kwa kijiko, inalia. Kwa hiyo habari za jirani yangu Nonilon nina haki ya kuzisimulia, maana hakuna aliyeteswa nazo kama mimi.

Nonilon ni mhudumu wa vyumba kwenye meli za watalii, zile meli ghorofa zinazozungusha wazee wenye kofia kisiwa hadi kisiwa. Korona ilipofunga bahari alirudishwa nyumbani, akaambiwa asubiri kidogo. Siku ileile mama yake, Nanay Ising, akanunua kitoto cha nguruwe cha kubeba kwapani.

"Huyu ni wa kumuaga mwanangu," alitangaza mbele ya watu. "Mwanangu haondoki mpaka huyu aliwe, na asiguswe kwa jambo lingine lolote."

Wakala wa ajira za melini, huko Manila, akasema safari zitaanza Agosti. Nikanunua mkaa, nikakata mwanzi wa kumchomekea, nikaanika mchaichai wa kumjaza tumboni. Agosti ikawa Oktoba. Oktoba ikawa baada ya Krismasi. Baada ya Krismasi ikawa "tutakupigia simu." Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila tumbo la yule nguruwe halikuumia hata kidogo. Lilinenepa. Akaupita ule umri mtamu ambao ngozi ni nyembamba na mafuta ni ya kiasi, akaupita nikimtazama, nikataka kulia. Ukaja ubatizo wa mjukuu wa dada yangu, nikaomba tumchinje huyo nguruwe. Nanay Ising akakataa. Ikaja sikukuu ya mtakatifu wetu, akakataa tena, na siku hiyo yeye mwenyewe akala wali na dagaa wakavu huku nguruwe akila ndizi mbivu.

Na Nonilon? Mikono ya kazi haikai bure. Kila asubuhi alikunja taulo, kama anavyowapambia abiria vyumba, zikawa tembo, zikawa bata, zikawa kima wa kuning'inia darini. Kuoga nyumba ile ilibidi kwanza umfumue kima. Alikuwa akigonga mlango wa chumba chake mwenyewe na kuita, "Huduma ya chumba!" Mkewe, Rowena, anajibu kutoka ndani, "Rudi baadaye, abiria kalala!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Aliyefurahi kuliko wote ni Jelay, binti yao wa miaka sita. Kabla ya hapo baba yake alikuwa uso ndani ya simu, uso unaoganda mdomo wazi mtandao ukikatika. Sasa alikuwa na baba mwenye miguu. Alipanda shingoni mwake asubuhi na jioni kwenda kulisha nguruwe, na siku moja nikamsikia akimwita Nahodha.

"We mtoto!" nikapiga kelele. "Chakula hakipewi jina!"

"Si chakula, anko. Ni Nahodha."

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimepamba moto, simu ikalia kweli. Meli zinarudi baharini, tiketi ya ndege imekatwa. Nonilon alitoka mbio pekupeku matopeni, akambusu mama yake, akanibusu na mimi, akambusu mbuzi wa watu. Rowena alicheka huku machozi yanamtoka, maana paa lilikuwa linavuja na akiba ilishakwisha. Nami nikanoa kisu.

Asubuhi ya karamu nikakuta banda tupu.

"Nahodha katoroka!" Mtaa mzima ukamwagika nje, barakoa zikiwa kidevuni. Wengine wakakimbilia mashamba ya mpunga, wengine nyuma ya kanisa. Mzee mmoja akaapa amemwona akielekea Iloilo mjini. Nilianguka mtaroni mara mbili, watu wakaacha kumtafuta nguruwe wakanicheka mimi.

"Eming, unaogelea kwenda wapi? Meli bado haijafika!"

Tuliporudi hoi tukasikia mkoromo, na ulitoka ndani ya nyumba. Kwenye kitasa cha chumba cha Nonilon kilining'inia kile kikadi alichokuja nacho kutoka melini, kinachowaambia wahudumu: USISUMBUE. Nanay Ising akasukuma mlango. Nahodha alikuwa kitandani, mzima mzima, kafunikwa shuka, na kando ya kichwa chake amekaa bata wa taulo, kakunjwa upande. Jelay akasimama mbele yetu, mikono kaitanua.

"Hamruhusiwi. Imeandikwa mlangoni."

Tulicheka jamani! Rowena alikaa chini kwa kicheko. Nonilon, akijifuta machozi, akamwambia binti yake, "Haya mwanangu, mtoe. Watu wana njaa."

"Bibi alisema huondoki mpaka Nahodha aliwe," akajibu Jelay. "Basi haliwi."

Kicheko kikatukauka. Nonilon akachuchumaa, akamvuta kifuani. Mimi nilijikuta nimeficha kisu nyuma ya mgongo kama mwizi. Nanay Ising akapenga kamasi kwenye kitambaa cha jikoni.

"Eming," akasema, "chinja kuku."

"Wangapi, Nanay?"

"Wote."

Tulikula kuku, tukaimba, tukacheza ngoma na matope miguuni, na Jelay alicheza kuliko sisi sote. Kulipokucha Nonilon akambusu akiwa usingizini, akaenda zake. Siku hizi ni uso ndani ya simu tena, na paa limeezekwa.

Nahodha sasa ana ukubwa wa kochi. Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikamfuata Nanay Ising bandani, Jelay yuko pembeni yake akimwonyesha nguruwe picha za baba.

"Nanay, mwanao keshaondoka siku nyingi. Huyu anangoja nini?"

Alimwongezea nguruwe ndizi kwanza, ndipo akanigeukia na macho makavu.

"Nani kakwambia kaondoka? Hajaagwa."