Fundi Wangu Anasema Sina Simu

"Huyu hana simu," fundi wangu akamwambia mama mwenye nyumba.

Na simu iko kwa mfuko yangu.

Hiyo bafu ya nyumba yake huko Kileleshwa nimepiga tiles mimi, ukuta zote. Mama ameiangalia, akanigeukia. "Kijana, nipe namba yako. Dada yangu anatafuta mtu."

Mimi na aibu yangu, nikaangalia chini.

Hapo ndio fundi akaingilia na hiyo ya sina simu. "Huyu ni wa kubeba mchanga, madam. Chukua yangu."

Miaka mbili nimembebea vifaa kutoka Kangemi, kwa vile aliniambia, "Tulia na mimi, nitakujulisha kwa watu."

Ungekuwa wewe ungesema nini?

Wacha nitoke, fundi ananiita. Kukata tile ya kona ya jikoni imemshinda, anataka nimkatie.