Breki za Pikipiki ya Marehemu Mdogo Wangu

Nilichosikia ni kwamba breki zilikatika. Walisema hivyo msibani Kalenga, wakasema hivyo tena mtaani kwetu Soweto, Mbeya, na kila aliyesema alikuwa ameambiwa na mwingine. Nilichoona ni kichache: pikipiki ya mdogo wangu ikishushwa mlangoni kwangu kutoka kwenye gari la mizigo, usukani umepinda, siku tatu baada ya yeye kuanguka katika mteremko wa barabara ya Chunya. Nilinyoosha usukani, nikaifunika kwa turubai, ikakaa stoo miaka miwili.

Mwaka huu mjane wake, ambaye ni mkunga, alipangiwa zahanati huko huko Chunya. Akaja kuitaka pikipiki.

"Majirani wanasema ina mkosi," nikamweleza.

"Na wewe shemeji unasemaje?"

"Sisemi kitu mpaka nifungue magurudumu."

"Haya. Siku ukifika mbinguni utamdai malaika kitambulisho."

Nilianza kazi asubuhi, uani, yeye akiosha vipuri katika beseni. Waya wa breki ya mbele ulikuwa mzima. Fimbo ya breki ya nyuma ilikuwa nzima, na nati yake mahali pake. Kama kitu kingekuwa kimekatika, ningekikuta kimekatika. Kisha nikafungua hab, pale katikati ya gurudumu ambapo breki shuu, vile vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, hutanuka na kubana chuma. Breki shuu zilikuwa bado nene, lakini uso wake uling'aa kama kigae, mgumu, hauingii ukucha; uso wa namna hiyo huteleza, haushiki. Chuma chenyewe kilikuwa na madoa ya buluu, rangi ambayo chuma hakiipati ila kwa moto. Breki zile hazikukatika, ziliungua. Ziliungua lini, chuma hakikuniambia.

"Alikuwa akizima injini kwenye mteremko?" nikamuuliza.

"Siku zote. Hata mimi nikiwa nimepanda nyuma. Anatoa gia, anazima, tunashuka kimya kama baiskeli. Anasema hapo tunatembea bure."

Nikaweka spana chini. Bila injini kuizuia, pikipiki yote, na waliopanda, hubaki juu ya breki mbili ndogo. Hilo nalijua leo. Lakini maneno yale ya kutembea bure niliyatamka mimi, kwa kinywa changu, nilipomfundisha kuendesha katika vilima vya Iringa, wakati petroli ilikuwa ya kutafutwa. Nilimwambia shemeji hivyo hivyo, bila kupunguza.

Aliendelea kusugua chuma kilichokwisha kutakata.

"Basi utanifundisha na mimi," akasema hatimaye. "Ila safari hii acha ubahili."

Sikuzipiga msasa breki shuu zile ili zionekane mpya, kama wafanyavyo wengine. Niliweka mpya, mbele na nyuma, pamoja na springi zake. Nilifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikatia grisi kidogo kwenye egemeo peke yake, pale breki shuu zinapojigeuzia, mbali na mahali pa kubana. Nilipaka chaki ndani ya hab, nikafunga, nikazungusha, nikafungua tena kutazama: chaki ilikuwa imeshika uso mzima wa breki shuu, maana yake zinagusa kote. Ndipo nikafunga moja kwa moja.

Kwa siku nne tulifanya mazoezi katika mteremko mfupi karibu na nyumbani, gia ya pili, injini ikiwaka. Mara ya kwanza alisimamisha kwa ghafla, kofia yangu ngumu ikagonga yake.

"Shemeji, zinashika!"

"Nimeona."

Jumatatu nilipanda nyuma yake mpaka juu kabisa, pale barabara inapoacha kupanda na kuanza kuteremka kuelekea Chunya. Nikashuka. Nikazikagua nati zote mbili za breki kwa mkono. Akaniaga, akatia gia ya pili, akaanza kushuka. Nilimwona akipunguza mwendo kabla ya kona ya kwanza, na injini niliisikia kwa masikio yangu, ikinguruma, mpaka kona ilipomficha.